Msasa kwa Mwana wa Garissa

Liko neno la Kiingereza ambalo wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera walilijua kwa machungu kabla ya kulijua kwa kamusi. Neno lenyewe ni 'vetting'.

Asili yake ni 'vet', ufupisho wa jina la daktari wa mifugo. Katika karne ya 19 Waingereza walilifanya kitenzi cha kumtibu na kumkagua mnyama. Baadaye wakalihamishia kwa binadamu. Mmarekani akisikia 'vet' huenda akamdhania askari mstaafu, lakini hilo ni neno jingine. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake hadi soko la Garissa hahitaji kufafanuliwa mnyama hukaguliwa kwa nini.

Sisi waandishi wa Kiswahili nchini Kenya tumelitafsiri 'kupigwa msasa', na hapo, nakiri, tumechangia kosa. Waziri mteule hupigwa msasa bungeni. Majaji na mahakimu walipigwa msasa chini ya sheria ya mwaka 2011. Hao wanataka cheo au wanakishikilia, na wasipofaa hurudi nyumbani wakiwa Wakenya kamili. Kijana wa Garissa aliyetimiza miaka 18 haombi cheo, anaomba kitambulisho. Hata hivyo, kwa miongo mingi aliitwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama aeleze babu yake ni nani, ilhali mwenzake wa Nyeri hakuulizwa hayo. Na iwapo wazazi wake walimwandikisha utotoni katika kambi za Dadaab ili apate chakula wakati wa ukame, alama za vidole vyake zilimgeuza mkimbizi katika nchi yake.

Mwaka 1989 neno lilikuwa 'screening', na Wakenya Wasomali waliofaulu wakapewa kadi za rangi ya waridi. Jina lilibadilika, foleni ikabaki.

Mnamo Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuukomesha ukaguzi huo. Wapo waliolalamika kwamba usalama wa taifa utadhurika. Siwabezi, kwani Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Lakini mmoja wa wauaji wale alikuwa mwana wa chifu wa Mandera, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni kamati gani ya wazee ambayo ingemkataa?