Kamera Inawasha Taa Ambayo Landilodi Hajawasha

Ukitafuta keja Tassia siku hizi huanzi kwa kutembea, unaanza kwa simu. Unaona bedsita safi, kuta nyeupe, vigae vinang'aa, mwanga umejaa hadi kwenye kona ya sinki. Unampigia ajenti, unatuma dipoziti kwa M-Pesa, unabeba godoro. Kesho yake saa sita mchana, jua likiwa utosini, ndio unagundua kwamba bila kuwasha stima huoni hata sufuria. Dirisha lipo kweli, lakini linatazamana na ukuta wa ploti jirani, karibu uuguse ukinyoosha mkono.

Kabla umtusi ajenti, sikia hili. Pengine hakuhariri chochote. Pengine hata filta hakutumia. Alisimama mlangoni, akainua simu, akabonyeza. Kazi ya kuangaza chumba ilifanywa na simu yenyewe, kufumba na kufumbua, bila kumuuliza yeye wala wewe.

Hilo ndilo nataka tuliongee leo. Kamera za sasa hazichukui tu mwanga uliopo, zinaamua mwanga uonekane kiasi gani. Na sisi tunaoishi kwenye fleti zilizobanana za Eastlands, ambapo korido ni giza na anga ni kamba nyembamba kati ya majengo mawili, ndio tunafaa kuuelewa uamuzi huo kuliko mtu yeyote.

Shida yenyewe ni ya zamani. Jicho lako linaweza kutazama ngazi za giza na anga kali kwa wakati mmoja na kuona vyote viwili. Kamera inalemewa. Wapiga picha hupima uwezo huo kwa hatua wanazoita stopu, na kila stopu ni mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia. Sensa nzuri ya kamera kubwa leo hushika karibu stopu 14, yaani sehemu yenye mwanga mkali zaidi inaweza kuizidi ile ya giza zaidi kama mara 16,000. Simu nyingi zina sensa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kwa hivyo ikipiga picha moja peke yake inashika kidogo zaidi. Simama kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, elekeza kamera nje, na utaona chaguo lililokuwepo zamani: ama uso wa rafiki yako uwe mweusi tii, ama anga iungue iwe nyeupe kama karatasi.

Dawa yake haikuvumbuliwa na watu wa simu. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari kwa hasi mbili, moja ya maji na moja ya anga, kisha anaziunganisha ziwe picha moja. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 2010, iPhone ikaletewa HDR inayofanya kitu cha aina hiyo ndani ya simu. Mwaka 2013 Google ikaja na yake kwenye Nexus 5: simu inapiga picha kadhaa za haraka, zote zikiwa na giza kidogo ili anga isiungue, inazipanga moja juu ya nyingine, inafuta chengachenga, halafu inainua vivuli. Kamera kubwa nazo zilikuwa zimeanza kuinua vivuli kwa njia yao. Nikon iliweka Active D-Lighting mwaka 2007, na Sony ina D-Range Optimizer.

Sasa angalia hilo neno, kuinua vivuli. Viinuliwe kiasi gani? Hakuna jibu moja la hesabu. Kuna mtu aliketi ofisini mbali sana na Outering Road akaamua giza la picha liwe jepesi kiasi gani na ngozi ing'ae kiasi gani. Uamuzi wake uko mfukoni mwako, na unatumika kila ukibonyeza.

Nisieleweke vibaya, uamuzi huo umetusaidia. Tafuta picha za shule za zamani nyumbani kwenu, zile za darasa zima. Utakuta walio weusi zaidi kwenye mstari wa nyuma sura zao zimemezwa. Haikuwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Canada ameeleza kwamba kilichoisukuma Kodak kuboresha rangi za kahawia kwenye filamu zake ni malalamiko ya kampuni za fanicha na za chokoleti. Mbao na peremende zilisikizwa kabla ya mama yako.

Ndio maana simu za Tecno zilipata soko hapa kwetu. Kampuni mama yake, Transsion ya Shenzhen, iliona kwamba Mwafrika anataka kamera inayomwona usiku, ikairekebisha kwa ajili ya ngozi nyeusi na kuifanya hiyo kuwa tangazo lake. Mwaka 2021 Google nayo ikaleta Real Tone kwenye Pixel 6 kwa sababu hiyo hiyo. Leo ukipiga picha ya bathidei kwenye sebule yenye balbu moja, kila mtu anaonekana. Hayo ni mafanikio, na mtu asikwambie ni mambo madogo.

Lakini mkono unaoinua giza la uso ndio huo huo unaoinua giza la chumba. Simu haijui kwamba giza la korido yenu ni habari. Kwake ni kasoro ya kurekebishwa.

Kwa keja, hasara ni dipoziti na hasira. Kuna pahali hasara ni kubwa zaidi. Mnamo Desemba 2019 jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa hapa Tassia na watu wakafa. Tangu hapo, mpangaji akiona ufa kwenye ukuta wa ngazi, jambo la kwanza anafanya ni kutoa simu. Hapo sasa fikiria. Ngazi ni giza, simu inainua vivuli, chengachenga zinatokea, programu inazilainisha. Katika kulainisha huko, mstari mwembamba kwenye plasta unaweza kufutwa pamoja na hizo chenga. Ukuta unatoka laini kuliko ulivyo. Unapeleka picha, unaambiwa mbona hakuna kitu hapa.

Na ukifika mahakamani? Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inazungumzia cheti kinachoeleza rekodi ya kielektroniki ilitengenezwaje na kwa kifaa gani. Utaeleza vipi jinsi picha ilivyotengenezwa kama wewe mwenyewe hujui simu ilifanya nini?

Tena mambo hayaishii kwenye vivuli. Mwaka 2023 watumiaji wa simu za Samsung walipiga picha ya mwezi uliofifishwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta, simu ikarudisha mwezi wenye mashimo ambayo hayakuwepo kwenye skrini. Samsung ilieleza kwamba akili bandia hutambua mwezi na kuongeza undani. Kwa mwezi tunacheka. Ikifika kwenye uso wa mtu aliyekuwa kwenye maandamano, au namba ya gari iliyotoroka baada ya kugonga mtu, sidhani kuna atakayecheka.

Kwa hivyo kamera ya kawaida ina kesho gani? Hesabu hazipendezi. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisafirisha zaidi ya kamera za dijitali milioni 121 kwenda sokoni. Mwaka 2020 hazikufika hata milioni 9. Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2012. Olympus ilitangaza kuuza biashara yake ya kamera mwaka 2020.

Msee anayepiga picha za bathidei na ruracio huku mtaani anayajua haya bila kuhesabiwa. Mteja anatazama skrini ya kamera ya laki moja kisha anauliza, "Mbona ya simu yangu imetoka na mwanga kuliko yako?" Ukijaribu kushindana na simu kwa kuangaza kila kitu, umeshindwa tayari. Simu itaangaza haraka zaidi, na bure.

Mimi naona kamera haitakufa, itabaki kuwa chombo cha mtu anayetaka kuamua mwenyewe. Faili ya RAW ya kamera nzuri huhifadhi zaidi ya viwango 16,000 vya mwanga kwa kila rangi, huku JPEG ya kawaida ikibaki na 256. Hiyo tofauti ndiyo nafasi yako ya kusema: hapa giza libaki giza, hapa uso uonekane. Mteja analipia jicho lako. Na kamera zimeanza kubeba kitu kingine muhimu. Leica M11-P ya mwaka 2023 ilikuja na uwezo wa kuweka kwenye picha rekodi ya ilikotoka na mabadiliko iliyofanyiwa. Pixel 10 ya mwaka 2025 ikaleta mfumo huo kwenye simu. Hiyo ndiyo njia ninayoiunga mkono. Kampuni zinazotuuzia simu zituwekee swichi ya kuzima HDR pahali tunapoiona, si chini ya menyu tano, na picha iseme yenyewe ilichofanyiwa. Isiwe ni ya simu za bei ya pikipiki pekee. Mwenye simu ya elfu kumi na tano ndiye anayeishi kwenye ngazi za giza.

Wakati tunangoja, mengi yako mikononi mwako. Hutahitaji diploma, mimi mwenyewe sina. Gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua, kivute chini na utaona picha ikirudi karibu na unachokiona kwa macho. Tafuta hali ya Pro kwenye kamera yako, na kama kuna RAW, jaribu wikendi moja. Ukipiga ufa, usitegemee mwanga wa simu kujipanga: mwambie mwenzako amulike tochi kutoka upande, weka sarafu kando ya ufa kuonyesha ukubwa, piga ya mbali na ya karibu, kisha hifadhi faili asili. Ile ya WhatsApp imekamuliwa, haitoshi.

Na kama wewe ni ajenti, andika kwenye tangazo kama chumba kinahitaji stima mchana. Utapoteza mteja mmoja, lakini atakayekuja hatakutafuta na polisi. Kama ni mpangaji, omba picha ya saa sita taa zikiwa zimezimwa. Halafu bado panda matatu uende. Macho yako hayajawekewa HDR na mtu wa ofisini.