Jongo si Adhabu ya Walafi
Imezoeleka, darasani na hata katika majilisi, kumcheka mwalimu anayechechemea kwa jongo, eti amezidisha nyama choma na bia. Dhihaka hiyo ni dhuluma. Nyama na pombe huuchochea ugonjwa, hatubishi. Lakini aghalabu chanzo ni figo kushindwa kutoa asidi ya yuriki ya kutosha, hali ambayo mtu huweza kuirithi. Asidi hiyo ikizidi damuni huganda kuwa chembe kali mithili ya sindano ndani ya viungo, hasa kidole gumba cha mguu. Kwa kuona haya, mgonjwa humeza vidonge vya maumivu kimyakimya, vingine vyenye kuzidhuru figo zizo hizo. Yafaa aende hospitalini apimwe. Akiandikiwa alopurinoli, asiiache maumivu yatuliapo. Chembe zingali viungoni.