Bangi itolewe kortini, iletwe kliniki

Mama mmoja mkazi wa Woodley hapa Nairobi aliniletea mwanawe wa umri wa miaka 22. Kijana alikuwa hapati usingizi, akizungumza peke yake na kudai kuwa watu walikuwa wakimsengenya kupitia ukutani. Kwa miezi saba alikuwa ametibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha akaombewa. Nilimwuliza kama huvuta bangi. Akamtazama mamake, akakana. Ni katika ziara ya tatu, mama akiwa nje, ndipo alipokiri kuwa alianza kuvuta akiwa kidato cha pili.

"Dakta, ukiandika hivyo si polisi watakuja kunichukua?" aliniuliza.

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kusema moyoni kuwa hiyo ndiyo sababu bangi iendelee kupigwa marufuku. Mimi, kwa kisa hicho hicho, nasema ihalalishwe.

Sikatai kuwa ina madhara. Anayeivuta kila siku, hasa akiwa alianza utotoni, anajiweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya akili, kwa sababu ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaoitumia hugeuka mraibu. Moshi wake nao ni moshi. Mapafu hayaulizi umetoka kwa mmea gani. Na yule anayekuuzia mafuta ya bangi eti yanaponya saratani anakuibia pesa. Lakini hayo yote ni kazi ya daktari. Askari atayatibu kwa nini, kwa pingu?

Sheria ya mihadarati ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka 10 kwa mtu anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yaliipunguza adhabu hiyo hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi Sh100,000. Ni nafuu, naam, lakini mvutaji bado ni mhalifu, na mhalifu hasemi ukweli mbele ya daktari. Miezi saba ya kijana yule ilipotea hivyo. Maradhi ya akili yakigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi zaidi. Yakikawia, mgonjwa huenda akapoteza kazi, masomo na marafiki kabla ya kumeza tembe ya kwanza.

Kuna pia suala la rekodi. Kijana wa Kibera akihukumiwa kwa msokoto mmoja, atakapoomba cheti cha polisi cha tabia njema ili aajiriwe, msokoto ule utamfuata. Mwenzake wa mtaa wa kifahari humpigia simu wakili.

Woodley imo katika eneo bunge la Kibra, na ni mbunge wa hapa aliyewahi kulisema jambo hili bila kuogopa. Mnamo Septemba 2018 marehemu Ken Okoth alimwandikia Spika wa Bunge la Taifa akitaka asaidiwe kutayarisha mswada wa kuihalalisha na kuidhibiti bangi. Alitaka waliohukumiwa wafutiwe rekodi, wakulima na watumiaji wasajiliwe, na utafiti ufanywe. Wengi walimcheka. Alifariki Julai 26, 2019 kutokana na saratani ya utumbo mpana, na mswada wake ukafia njiani.

Elimu ya tiba nayo haijakaa kitako. Kanabidioli, kemikali ya mmea huu isiyolevya, iliidhinishwa nchini Marekani Juni 2018 kutibu aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa inayohusika na mihadarati iliiondoa bangi katika orodha ya dawa hatari zaidi, ingawa iliiacha chini ya udhibiti mkali. Mofini nayo hutokana na afyuni, lakini tunawapa wagonjwa wa saratani ili wapumzike na maumivu, na hakuna aliyewahi kuiita wodi pango la walevi.

Halafu tazama pombe. Mnamo Novemba 2000 pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya Mukuru. Hatukufunga baa. Tulidai kinywaji kipimwe na muuzaji awe na leseni.

Hicho ndicho ninachoomba. Sisemi bangi iuzwe kibandani karibu na peremende. Iuzwe na wenye leseni, kwa waliotimiza miaka 21, bila matangazo, nguvu yake ikiwa imeandikwa kwenye pakiti. Anayeendesha gari akiwa ameivuta ashtakiwe kama mlevi mwingine yeyote. Na ushuru wake uende kwa kliniki za afya ya akili, ambazo ni chache mno; kijana yule nilimpeleka Mathari kwa kuwa sikuwa na pengine pa karibu pa kumpeleka.

Sasa huja kila mwezi kuchukua dawa, na amepata kibarua katika soko la Toi. Mamake humsindikiza hadi mlangoni, na kila mara huniuliza kwa sauti ya chini kama ile faili bado nimeifungia kabatini.