Anayeusifu Mto na Aufuate Hadi Habaswein

Kuna mchezo uliozuka Marekani na Ulaya, na sasa umeingia kwetu, wa kupanda baiskeli zenye mipira minene kidogo na kuziendesha si katika lami bali katika njia za changarawe. Wapenzi wa mchezo huu hutafuta bonde la mto, mahali penye njia nyembamba, daraja la kale na mashamba huku na huku. Na bonde lipendwalo kuliko yote ni lile la mizabibu. Picha zake zimejaa tele: mto chini, mizabibu kwa safu juu mlimani, na bwana mmoja kakaza macho mbele, jasho lamtiririka, mwenyewe amefurahi. Bei ya baiskeli aliyoipanda, msomaji wangu, aghalabu yaipita bei ya ngamia.

Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Mwili nao una haki yake juu ya mtu. Na mzabibu hauna kosa. Lililoharimishwa ni lile wafanyalo watu kwa tunda lake. Twasoma katika sira kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotolewa Taif kwa mawe alipumzika katika shamba la mizabibu, na Addas, mtumwa Mnasara, akamletea zabibu katika sahani. Nasi hapa pwani, mkate wa mayai usio na zabibu juu yake ni mkate gani?

Mwaka 1997, huko Gaiole katika nchi ya Chianti, Italia, watu walianzisha safari ya baiskeli waliyoiita L'Eroica. Sababu yao ilikuwa kuziokoa barabara nyeupe za changarawe zisije zikamezwa zote na lami. Waliona kwamba zikitoweka, itatoweka na sura ya nchi yao, mashamba na yote. Wakafaulu, na leo watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kula vumbi la Chianti kwa hiari yao na kwa fedha yao.

Nikitafuta bonde la namna hiyo kwetu Kenya, naliona la Ewaso Ng'iro. Mto huu hukusanya maji yake Mlima Kenya na Nyandarua, ukashuka Laikipia, ukapita Archers Post na Merti. Mizabibu yake ni maua na mboga: tangu mwisho wa miaka ya 1980 mashamba ya kuuza Ulaya yameenea pande za Nanyuki, na nyuma yao maelfu ya wakulima wadogo na mifereji yao na mabomba yao. Ni nchi ya kupendeza, hilo halikanushiki. Yako na mashindano ya baiskeli, 10to4, yaanziayo mlimani karibu na futi 10,000 na kuteremka hadi futi 4,000 hivi, na fedha zake husaidia kulinda msitu wa Mlima Kenya. Na kule Mara, tangu 2021, pana mashindano ya changarawe ambayo vijana wetu wa Timu ya Amani wamewaonyesha wageni kuwa vumbi hili ni lao. Nahodha wao, Suleiman Kangangi, alifariki mwaka 2022 mashindanoni huko Vermont, Marekani, katika barabara za namna hiyo hiyo.

Lakini angalia mahali waishiapo wanaolisifu bonde hili. Huishia mlimani, au penye mahoteli ya mbuga za Samburu, wakapiga picha, wakarudi. Mto wenyewe haurudi. Waendelea mashariki hadi ukafika bwawa la Lorian, na hapo, karibu na Habaswein, hufa. Miaka ya mafuriko makubwa huvuka Lorian, ukafuata Lagh Dera kwenda zake Somalia kutafuta Juba. Miaka mingine, na ndiyo mingi, haufiki hata Lorian.

Jina la Habaswein kwa Kisomali maana yake ni vumbi jingi. Mji uko katika kaunti ya Wajir, njia ya kutoka Garissa, na mtu wa Mombasa aendaye huko kwa basi hupita Malindi, Garsen, Hola, Garissa na Modogashe kabla ya kuliona hilo vumbi. Wazee wetu walipajua upande ule kwa miguu. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler alitoka Lamu na msafara wa wapagazi, wengi wao Wazanzibari, akaupanda Tana kisha akaufuata Ewaso Ng'iro akitaraji kuliona ziwa kubwa la Lorian lililokuwa likisimuliwa. Alipolifikia akakuta matete na tope. Jina lake limebaki kwenye maporomoko ya mto ule. Waliombebea mizigo majina yao hayakuwekwa popote, ingawa wao ndio waliofika wakiwa na uzito kichwani.

Basi tope lile alilolidharau Chanler ndilo uhai wa watu. Ng'ombe na ngamia wa Wajir na Isiolo wamelitegemea wakati wa kiangazi. Katika ukame wa 1984, na mara kadhaa katika miaka ya 1990, mto ulikauka hapo hapo Archers Post, mbali sana juu ya Habaswein. Halafu ukaja ukame wa 2020 hadi 2022, misimu ya mvua ikapita mmoja baada ya mwingine pasi na mvua. Desemba 2021 dunia nzima iliiona picha ya twiga sita waliokufa katika hifadhi ya Sabuli, huko huko Wajir, waliokwenda kunywa katika bwawa lililokuwa likikauka wakanasa topeni. Mwisho wa 2023 ikaja El Niño, na barabara za Garissa na Wajir zikakatwa na maji yale yale yaliyokuwa yakiombwa. Huko maji hayaji kwa kiasi.

Sitaki kusema kwamba waridi wa Nanyuki peke yake ndio waliokunywa mto. Mvua zenyewe zimebadilika, misitu imekatwa, watu wameongezeka, na mkulima mwenye robo eka ana watoto wa kulisha. Lakini aliye juu hunywa kwanza, na aliye chini hupata kilichobaki, kikibaki. Sisi wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Waulizeni watu wa Ozi na Kipini habari za Tana, mto ukipungua nguvu na maji ya chumvi ya bahari yakapanda hadi mashambani mwa mpunga.

Chuoni tulisomeshwa Suratul Kahf, na ndani yake mna kisa cha mtu mwenye bustani mbili za mizabibu, zimezungukwa na mitende, mto wapita kati yake. Akajigamba kwa mwenzake kwamba bustani ile haitaangamia kamwe. Mwenzake akamwonya kuwa maji yake yaweza kuzama ardhini asiweze kuyatafuta tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani maji kuzama ni mfano tu. Kumbe kuna mahali katika nchi yangu mto huzama hivyo hivyo, na watu huuchimba kwa visima.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wenye kuchora njia za baiskeli katika bonde la Ewaso Ng'iro, wa serikali na wasio wa serikali, wasiikate njia penye mahoteli. Waifikishe Merti, Sericho, Habaswein. Mwenye kuteremka kwa baiskeli kutoka penye maua hadi penye vumbi jingi ataelewa kwa miguu yake lile ambalo mikutano mingi imeshindwa kumfahamisha. Tangu 2013 wafugaji wenyewe wamekuwa wakiufuata mto huu kwa miguu na ngamia ili kupaza sauti juu ya maji yake na juu ya bwawa kubwa lililokusudiwa kujengwa huko juu. Baiskeli itakuwa imefuata nyayo tu.

Najua nitakaloambiwa: usalama. Ni kweli, na simwiti mgeni leo aende kuhatarisha roho yake katika njia ambayo watu wameuawa ndani ya mabasi. Lakini wakaazi wa Kaskazini Mashariki hawakuanza jana kukatazwa njia. Sheria ya mwaka 1926 iliifanya nchi yao kuwa wilaya iliyofungwa, huingii wala hutoki ila kwa kibali. Baada ya Uhuru ikaja hali ya hatari, nayo haikuondolewa hadi 1991, na katikati yake, Februari 1984, yakatokea ya Wagalla ambayo Wajir haijayasahau. Mtoto wa huko amerithi barabara ambayo juu yake huulizwa kitambulisho kabla ya salamu. Ndiyo maana nasema waanze wao. Wapewe baiskeli vijana wa shule wa Habaswein, waende asubuhi kabla ya jua kukaza, watoke mjini hadi ukingo wa Lorian na kurudi, wahesabu visima na waandike maji yalipo na yasipo. Wageni watakuja wakati wao ukifika.

Na lami je? Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, nayo yapita Habaswein. Wataliano waliipinga lami. Mtu wa Habaswein ameililia miaka sitini, na haki ni yake. Mama mjamzito hapelekwi hospitali kwa mandhari. Ila wahandisi waiache ile njia ya zamani ya vumbi pembeni, wasiichimbue wala kuizibia kwa vifusi, iwe ya punda wa mikokoteni ya maji, ya ngamia, na ya baiskeli.

Pancha zitakuwa nyingi. Miiba ya mgunga ni mirefu, na ule mti wa mathenge ulioenea Garissa hauna huruma na mpira wa baiskeli. Fundi wa kwanza atakayefungua kibanda chake Habaswein, na pampu, na viraka, na beseni la maji la kutafutia tundu, hatakosa kazi. Taabu yake itakuwa hayo maji ya beseni.