Ukisema Ijumaa, Iwe Ijumaa

Najua nimeadimika, msinune, wiki mbili hizi zilikuwa za testi na asaimenti, hata kufua nimefua jana. Leo nina jambo linanikereketa, tena nianze na kosa langu mwenyewe kabla sijawarukia wengine.

Si mnajua pale rumu kwetu tuko watano tunaocheza Dungeons & Dragons? Kwa wasioujua: ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mtu anabeba mhusika wake, mmoja anasimulia na kusimamia, na dadu la pande 20 ndilo linaloamua kama umemkata adui au umejikata mwenyewe. Hesabu zake ni nyingi, na mimi nasomea ualimu wa Hisabati, basi nikajitia kimbelembele. Nikawaambia washkaji nitawatengenezea kwenye Excel karatasi ya mhusika inayojijumlisha yenyewe. Lini? Ijumaa.

Ijumaa ikafika, bado. Nikasema Ijumaa ijayo. Ikafika, bado. Jamaa yetu mmoja anakaa mbali, kapanda daladala mbili mara zote hizo. Mara ya pili akaniambia kwa upole: "Mwalimu, sikatai kusubiri. Nakataa kusubiri kitu ambacho hata wewe hujui kimefika wapi." Kisha akaenda zake, na Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala hatujamwona tena mezani.

Basi bwana, usiku ule nikakaa kufikiria. Kumbe ugonjwa huu wangu ni wa kurithi, wakubwa wa mchezo huohuo wanaumwa nao miaka na miaka.

Angalieni wenyewe. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa toleo la tatu la D&D, na kitabu cha mchezaji kikaja na sidii yenye kionjo cha programu ya kutengeneza wahusika. Programu kamili iliyoahidiwa, Master Tools, ikapunguzwapunguzwa na kubadilishwa jina, ikatoka mwaka 2002 kama e-Tools. Agosti 2007, kwenye maonyesho ya Gen Con kule Indianapolis, wakatangaza toleo la nne pamoja na meza ya mtandaoni ili watu wacheze wakiwa mbalimbali. Vitabu vikatoka Juni 2008. Meza haikuwepo. Ilianza kuonekana kwa majaribio mwaka 2010, na mwaka 2012 ikafungwa. Mwaka 2014 toleo la tano likaja na programu ya DungeonScape iliyokuwa ikitengenezwa na kampuni nyingine. Kufika Oktoba mwaka huohuo mkataba umevunjwa. Agosti 2022 wakaonyesha meza mpya ya picha za kupendeza mno, baadaye ikaitwa Sigil. Ikatoka Februari 2025 kimyakimya, na mwezi uliofuata wengi wa walioitengeneza wakapunguzwa kazi.

Hapo ndipo inaniuma. Tarehe ikitangazwa vibaya anayeumia si mchezaji mwenye pupa peke yake. Kuna aliyenunua vitabu kwa sababu aliamini meza inakuja, na kuna fundi aliyekesha miaka halafu akaambiwa asante, nenda nyumbani.

Sasa kwa nini inatokea kila mara? Mimi naona sababu ni mbili. Ya kwanza, tarehe inatoka kwa watu wa vitabu na maonyesho. Kitabu lazima kipelekwe kiwandani mapema, ukumbi ulishalipiwa, kwa hiyo tarehe imeshapangwa kabla fundi hajaulizwa. Ya pili, sheria za mchezo zimejaa "isipokuwa". Uchawi huu unafanya hivi, isipokuwa ukiwa umevaa kile, isipokuwa ikiwa zamu ya adui. Msimamizi wa mchezo anaamua kwa sekunde moja, watu wanacheka, mnaendelea. Kompyuta haiwezi hivyo, inataka kila "isipokuwa" iandikwe. Na kama sheria zenyewe bado zinabadilishwa, fundi anajenga nyumba huku mwenye kiwanja anahamisha mipaka. Wala kuongeza watu dakika za mwisho si dawa. Fred Brooks aliliandika hilo tangu 1975, kwamba kazi ya programu iliyochelewa ukiiongezea watu inachelewa zaidi, maana wageni lazima wafundishwe na walewale waliozidiwa.

Kuna wanaosema basi dawa ni kunyamaza, usitaje tarehe kabisa, ikiwa tayari itatoka. Mi nakataa. Duke Nukem Forever ilitangazwa mwaka 1997, wenyewe wakawa wanasema itatoka ikikamilika, ikatoka 2011. Miaka 14! Mtu akikunyima tarehe halafu akunyime na habari, amekufungia nje mlango mara mbili.

Mfano ninaoupenda ni Foundry. Aliianzisha mtu mmoja, Andrew Clayton, na waliomchangia walikuwa wanaitumia ikiwa bado mbichi kabla haijatoka rasmi Mei 2020. Hata leo matoleo yake yanapitia hatua zinazojulikana, mpaka lifike lile la kutumiwa na kila mtu. Ukiwa na haraka unachukua bichi kwa hiari yako, ukiwa na mchezo wa kulinda unasubiri iive. Huambiwi ndoto, unaonyeshwa kilichopo.

Sisi walimu tunalijua hili. Kwenye azimio la kazi kuna wiki, kuna mada, na mwishoni kuna safu ya maoni. Mada isipoisha huchani karatasi, unaandika: haikuisha kwa sababu hii, itamaliziwa wiki fulani. Mkaguzi hakushangai kwa kuchelewa, anakushangaa ukiacha safu tupu. Ninachowaomba waundaji wa programu hizi ni safu hiyo tu. Usitaje siku kwa kitu ambacho bado ni picha. Ukishaitaja na ukaona haifiki, sema mapema, siyo siku yenyewe. Na kamwe usiuze kitabu cha leo kwa programu ya kesho.

Mimi nimeanza. Jana nimemwandikia yule jamaa: hesabu za mapigano zinafanya kazi, za uchawi bado, sitaji siku mpaka nizimalize, na nauli zako mbili nakudai mimi nikulipe. Amejibu neno moja, "Sawa." Sijui kama atarudi, ila safu ya maoni nimeijaza.

Ni hayo tu kwa leo. Anayebisha aje rumu, chai ipo, sukari aje nayo.