Kyela: Mtoto anasoma bila kukwama, lakini ameelewa?

Mzazi wa Ipinda au Matema akimsikia mwanaye wa darasa la tatu akisoma ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukwama, anafurahi, na ana haki. Ila furaha hiyo inaweza kuficha jambo.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote, hata asilojua maana yake. Na katika vijiji vingi vya huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa, lugha ya kwanza ya mtoto ni Kinyakyusa. Kiswahili anakikuta kwa wingi darasani, na ndicho kinachotumika kufundishia katika shule za msingi za serikali. Akitamka bila kuelewa, hesabu za maelezo zinamshinda, sayansi inamshinda, halafu watu wanasema mtoto mzito. Sio mzito.

Tatizo si la Kyela peke yake. Tathmini za Uwezo za 2010 na 2011 zilionyesha kwamba nchini, takribani watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa ili KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, zipewe uzito. Lakini darasa likijaa, mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto kila siku. Nyumbani inawezekana.

Dakika 15 baada ya chakula cha jioni zinatosha. Mtoto asome kwa sauti, afunge kitabu, kisha asimulie kwa Kinyakyusa alichosoma. Hapo ndipo ukweli unapojitokeza. Hata bibi asiyejua kusoma anaweza kusimamia zoezi hili, pengine kuliko baba mwenye haraka ya kusahihisha matamshi, maana bibi atauliza: ikawaje?

Vitabu je? Ni kweli, nyumba nyingi hazina. Lakini simu janja ipo, na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Bando likiisha, kuna stakabadhi ya kakao, kadi ya kliniki, maandishi ya mfuko wa mbolea. Mtoto anayemsomea mama yake kilo na bei ya kakao waliyoianika pamoja hahitaji kuambiwa maana ya anachosoma.

Ugumu uko kwenye msimu. Mpunga ukianza kuiva, watoto wanashinda shambani kuamia ndege, jioni wamechoka. Masika nayo yakizidi, maji yanaingia ndani na madaftari yanalowa. Wiki hizo ukurasa mmoja unatosha, hata kama mtoto ataumaliza huku anasinzia, na bibi aulize swali lake lilelile.