Pikapu ya Ushirika Siyo Birika



Habari ya magunia 3 ya choroko yaliyolowa kule Mnazi Mmoja imeshazunguka kijiji kizima. Wapo wanaotaka dereva akatwe posho. Sisi hatukubaliani nao, na sababu tunaziandika hapa ubaoni zisomwe kabla ya mkutano.

Pikapu ilifika mjini jioni, wanunuzi wa Kariakoo wameshafunga, ikalala Mnazi Mmoja. Usiku masika ikamwaga. Turubai lilikuwepo, tena zima. Lakini lilitandazwa tu juu ya magunia, pindo zake zikachomekwa kwa ndani. Likabonyea katikati kama karai, maji yakajaa, yakamwagikia kwenye mzigo. Huko ndani hayakuwa na pa kutokea, maana matundu ya sakafu yameshindiliwa matambara. Nani kayashindilia? Siyo dereva. Ni wenye mizigo, wakiogopa nafaka zao zisidondoke njiani! Choroko zikakaa majini mpaka zikaanza kuota.

Tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sakafu ya pikapu yetu ni kama mita 3 za mraba. Ikinyesha milimita 50, na hiyo wakati wa masika siyo ajabu, tumebeba lita 150, yaani kilo 150. Hao ni abiria wawili wazito wasiolipa nauli. Kisha kutu inakula bati. Na maji yakituama wiki moja na zaidi, mbu wanatoka humo. Dar es Salaam ilishapata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019.

Waliowahi kuingia soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, wanalikumbuka paa lake. Msanifu Beda Amuli alilichora kama miavuli ya zege iliyopinduliwa, makusudi likinge maji ya mvua. Pale maji yalitakiwa. Sisi tumeligeuza turubai letu kuwa paa la namna hiyo, juu ya choroko!

Sasa kazi. Matambara yote yatoke, na badala yake kila tundu lifunikwe kipande cha wavu wa chuma: maji yapite, nafaka ibaki. Chini ya magunia ziwekwe chaga za mbao. Turubai liwekewe fito zilizopindwa kutoka ubavu hadi ubavu, lipate mgongo, na pindo zake zining'inie nje ya bodi. Gari likilala, pua ielekee mlimani, maji yatokee mlango wa nyuma.

Pengine itabidi kuongeza matundu mawili kwenye mifereji ya sakafu. Hapo tusikurupuke na keekee. Kwanza mtu alale chini ya gari achungulie, kuna tangi la mafuta, paipu za breki na nyaya. Likishatobolewa, kingo za tundu zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, ama sivyo tumeikaribisha kutu wenyewe.

Dereva naye afagie maganda ya vitunguu kila anaposhusha mzigo. Hilo ndilo lake, na posho yake iachwe.

Jumamosi saa 2 asubuhi pikapu itakuwa mbele ya ghala. Fito tunazo. Mwenye keekee aje nayo.